Spika Mbili Zinazoitwa Nyumbani

Ndugu zangu wa Machakos, kutoka Masii hadi Syokimau, hiki ninachowaeleza sikuambiwa na mtu. Nilikuwepo, na mkono wangu umo ndani yake. Naitwa Ridwan Mire, fundi wa redio, televisheni na spika hapa mjini Machakos, duka lile lenye bango la kijani ambalo herufi mbili zimeanguka. Nitaeleza kwa utaratibu na bila machozi, kwa sababu machozi yangu kuhusu jambo hili hayajaja na sijui kama yatakuja.

Tuanze mahali palipokuwa na amani. Jumamosi moja mwezi wa tatu, saa nane mchana, Kiema Ndeti alikuwa ameketi sebuleni kwake Syokimau, miguu juu ya kistuli. Kiema ni msimamizi katika kiwanda cha nguo huko Athi River, na watu mia mbili humwogopa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ni siku yake. Mkewe Ndinda alikuwa jikoni akikaanga kuku, watoto walikuwa shule ya bweni, na kwenye spika ndogo nyeusi iliyokaa juu ya kabati kulikuwa na rumba ya zamani, zile za magitaa yanayofuatana bila haraka. Kiema alikuwa amefumba macho. Katikati ya gitaa, muziki ukanyamaza.

Haukunyamaza kama stima inapopotea. Taa ya spika ilikuwa inawaka. Simu yake ilionyesha kwamba wimbo unaendelea, sekunde zinasonga, gitaa linapigwa mahali fulani, ila si hapo. Akafinya simu, akauvuta wimbo, ukarudi. Baada ya dakika mbili ukaenda tena. Akauvuta. Ukaenda.

"Imeanza," Ndinda akasema kutoka jikoni, kama mtu anayetangaza mvua.

Ilikuwa hivyo tangu Januari. Kiema alikuwa amebadilisha kampuni ya mtandao, amehamisha ruta kutoka korido hadi sebuleni, na amegombana na jirani wa ghorofa ya juu ambaye maskini hakuwa hata na spika. Siku hiyo akachoka. Akanipigia simu, kwa sababu spika zenyewe alizinunua kwangu.

"Fundi, hii kitu imenishinda. Muziki unaruka. Unaenda huko na hata sijui huko ni wapi."

Nilifika baada ya saa moja na nusu. Nilikagua ruta, nikakagua waifai, nikazima nikawasha, mambo yale ambayo mteja pia angeyafanya lakini anapenda yafanywe na mtu mwenye mkoba wa vifaa. Kisha nikaomba simu ya Kiema, nikafungua orodha ya spika zilizoungwa kwenye akaunti yake ya muziki. Zilikuwa mbili. Ya kwanza iliitwa Nyumbani. Ya pili iliitwa Nyumbani.

"Hii ya pili iko wapi?" nikauliza.

"Ipi?"

"Hapa ziko mbili. Zote zinaitwa Nyumbani."

Kiema akainama akatazama. Akacheka kidogo. "Ah. Hiyo moja ni ya nyumbani. Masii, kwa mwaitu," yaani kwa mama yake.

"Na hii ya juu ya kabati?"

"Hii ni ya hapa nyumba."

"Hapa ndiyo nyumbani," Ndinda akasema, mkono kiunoni, mwiko mkononi. "Mimi ndiye niliandika hilo jina. Tulilipia hii nyumba miaka kumi na miwili. Kama si nyumbani, ni nini?"

Msomaji wa kwetu ameshaelewa, lakini wa mbali nimweleze. Kwa Mkamba, mahali unapolala na kuamka ni nyumba tu. Nyumbani, au musyi kwa lugha yao, ni kule alikozaliwa baba yako na kule utakakozikwa, hata kama unakwenda mara moja kwa mwaka. Krismasi iliyopita Kiema alinunua spika mbili. Moja akampelekea mama yake Masii pamoja na ruta ya kulipia kila mwezi, ili mama asikilize nyimbo za kanisa. Wakati wa kuiunganisha, simu ilimuuliza mahali hapa panaitwaje. Akaandika Nyumbani. Wiki moja baadaye Ndinda akaunganisha ya Syokimau kwa simu ile ile, akaulizwa swali lile lile. Ndinda alikulia kwenye nyumba za kiwanda Athi River, hana musyi mwingine kichwani. Naye akaandika Nyumbani.

Mimi nilizaliwa hapa Machakos mjini. Baba yangu Mire alikuja kununua mbuzi, akabaki. Nyumbani kwetu ni vyumba vitatu nyuma ya duka, na mama yangu Safiyo akitaka kuniona hugonga ukuta. Kwa hiyo ubishi wao ulinichekesha. Nilicheka, nakubali.

Nikawaeleza shida ilipo. Akaunti ni moja, na muziki ni mmoja. Hauwezi kuwa mahali pawili. Mtu wa Masii akifinya kile kitufe kikubwa kwenye spika yake, wimbo unaondoka Syokimau na kuendelea Masii, pale pale ulipofika. Mtu wa Syokimau akiuvuta, unarudi.

"Kwa hivyo ni mwaitu," Kiema akasema.

"Ni yeye. Hata sasa umeenda kwake."

"Hajui anachofanya. Mtu wa miaka sabini na sita, anafinya finya tu. Nilimwambia ni ya nyimbo za kanisa."

Lakini hakuwa amemwekea nyimbo za kanisa. Nilitazama. Orodha ya nyimbo za mama ilikuwepo, ina jina, na ndani haina hata wimbo mmoja. Alikuwa ameanza kuiandaa siku ile ya Krismasi, akaitwa kula nyama, hakurudi. Mama akifinya kitufe, kitu pekee kilichokuwepo cha kucheza ni kile ambacho mwanawe alikuwa anasikiliza.

Nikamwambia kuna njia mbili. Tungeweza kumfungulia mama akaunti yake, kazi ya nusu saa, tena tukaijaza nyimbo zake. Au tungeweza kuitoa spika moja kwenye akaunti ya Kiema, kazi ya kufinya mara mbili. Kabla hajanijibu simu yake nyingine ikalia. Ilikuwa ya kiwandani, mashine imekwama na kontena linasubiri. Akatoka kwenye baraza akisema kwa sauti ya juu. Mimi nilikuwa na wateja wawili Machakos wakinisubiri. Nikamfuata mlangoni, nikainua simu yake ili aone ile orodha, nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Na hii ya nyumbani?"

Kiema akafunika simu kwa kiganja. "Hiyo ya nyumbani acha," akasema, akanigeuzia mgongo.

Hiyo ya nyumbani acha. Maneno manne. Unaweza kumwambia mtu aache chungu pale kilipo, asikiguse. Unaweza pia kumwambia aache sigara. Neno ni hilo hilo. Ningeweza kumsubiri dakika tano amalize simu yake, nimuulize ana maana gani. Sikusubiri. Nilichagua ile maana iliyoniwezesha kuondoka mapema. Nikafinya mara mbili, na kwenye orodha ikabaki Nyumbani moja.

Wiki tatu zilipita. Kiema aliniandikia ujumbe: "Fundi uko juu. Haijakatika hata mara moja." Nikamrudishia kidole gumba.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa maana hapa ndipo ningependa kuruka.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, mama mmoja mwembamba aliingia dukani kwangu. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani na sweta iliyofungwa vifungo vyote, na kyondo begani. Niliona tu ni mzee anayestahili heshima, hivyo nikamwamkia kwa Kikamba.

"Wakya mwaitu."

"Aa," akaitikia. "Wewe ni Mire?"

"Mimi ni mtoto wake."

"Nilimjua. Alikuwa ananunua mbuzi kwetu Masii. Hakuwa mwongo sana."

Akaketi kwenye kiti cha plastiki. Akatoa kitu kwenye kyondo, kimefungwa ndani ya leso, akakifungua polepole. Ilikuwa spika nyeusi, chini yake kibandiko cha duka langu. Imefutwa vumbi ikang'aa.

"Mimi naitwa Nthambi. Mama ya Kiema," akasema. "Hii kitu imenyamaza. Na mwana wakwa, huyo mtoto wangu, pia amenyamaza. Nimeona nije kwa mwenye alama."

Nilijua papo hapo. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza na niliiona kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Kwani ilikuwa inafanyaje, mwaitu?"

Akaniangalia kama mwalimu anayemwangalia mtoto mzito. "Mimi nikimaliza kukamua ng'ombe, saa moja na nusu hivi, nakuja nafinya hapa. Nasikia mwanangu anasikiliza nini. Kama ni ile ya haraka, najua ameamka vizuri, anaenda kazi. Kama ni ile ya magitaa ya pole pole, hiyo baba yake alikuwa anaipenda, najua amemkumbuka. Kama hakuna kitu, yuko kazi. Jumapili inalia wakati wa misa, kwa hivyo najua hajaenda kanisa. Hiyo namwombea."

"Na nyimbo za kanisa?"

"Hizo niko na redio yangu ya betri." Uso wake ukalegea. "Tena anacheza na mimi. Nikivuta muziki, anauvuta. Namwachia kidogo, halafu navuta tena. Anavuta. Tunacheka."

"Mnacheka?"

"Mimi nacheka. Na yeye, nafikiri."

Ndugu zangu, nataka niseme kwamba niliumia, lakini kusema kweli nilishikwa na ganzi. Ilianza kwenye vidole ikapanda. Nilitazama ile spika, nikatazama vifungo vya sweta yake, nikavihesabu, vilikuwa sita.

"Sasa ni siku ngapi imenyamaza?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Wiki tatu. Ya kwanza nilisema amesafiri. Ya pili nikasema ni mgonjwa. Nikipiga simu anashika, anasema, mwaitu niko mkutano, nitakupigia. Hapigi. Hiyo ni sauti yake, lakini ni sauti ya kazi. Mtu anaweza kuwa mgonjwa na akawa na sauti ya kazi."

"Ni mtandao, mwaitu," nikasema.

Sisi mafundi tukikosa jibu husema ni mtandao. Mimi nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kidole changu, na sikuwa na ujasiri wa kumwonyesha.

Nikampigia Kiema.

"Mama yako yuko hapa dukani."

"Mwaitu? Machakos? Amefuata nini?"

"Amefuata spika. Ile niliyotoa. Tuirudishe."

"Irudishe basi, fundi. Mambo madogo."

"Siwezi bila wewe. Kuna nambari sita zitaingia kwa simu yako. Unitumie."

"Sawa sawa. Niko kwa mkutano. Tuma, nitakutumia."

Nikaomba nambari. Ikaenda kwenye simu ya Kiema. Nambari hiyo hufa baada ya dakika kumi. Dakika kumi zikaisha. Nikaomba nyingine, ikafa. Nikampigia, hakushika. Nikaomba ya tatu.

Mama Nthambi alikaa kwenye kile kiti cha plastiki kuanzia saa nne hadi saa kumi alasiri. Mama yangu Safiyo alitoka nyuma akamletea chai na anjera, wakaongea Kikamba, mama yangu akitumia kile cha sokoni ambacho hakina adabu nyingi. Walicheka mara mbili. Kila simu ya mteja ilipolia mama Nthambi aligeuka akanitazama, kisha akarudi kwenye chai yake. Saa kumi akasimama.

"Ng'ombe atapiga kelele," akasema. Akaisukuma spika kuelekea kwangu. "Ikae hapa. Nambari ikikuja utanipigia, nitakuja niichukue. Nyumbani haina kazi ikiwa hivyo."

Mlangoni akageuka. "Lakini yeye ni mzima?"

"Ni mzima, mwaitu. Nimeongea na yeye leo."

"Basi," akasema, akaenda.

Mama yangu alikusanya vikombe. Aliponipita aliniuliza, "Kwani mtoto wake yuko ng'ambo?"

"Yuko Syokimau."

Aliosha vikombe vile kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

Jumamosi ilipofika, Kiema akanitumia nambari sita na maneno haya: "Pole fundi, nilisahau." Ilikuwa ile ya Alhamisi. Imekufa siku mbili. Nikamwandikia kwamba tuombe nyingine sasa hivi. Akajibu kwamba yuko kwa harambee, tufanye Jumatatu. Jumatatu kontena lingine lilikwama.

Jumanne asubuhi, baada ya kuamka na kabla ya kukamua, mama Nthambi alianguka kati ya jikoni na zizi. Alilala hapo. Jumanne hiyo hiyo, saa moja na nusu, Kiema alikuwa anafunga tai Syokimau huku muziki ukicheza, na haukukatika. Aliniambia baadaye kwamba aliusikia wimbo wote hadi mwisho. Kama tusingeitengeneza ile spika, ukimya wa mama ungekuwa habari. Angesema, mbona leo havuti? Labda angepiga simu, labda asingepiga. Siwezi kuapa. Najua tu kwamba mimi na yeye tulikuwa tumeufanya ukimya ule kuwa kitu cha kawaida.

Aliyepiga kelele ni ng'ombe. Alilia Jumanne kutwa, akalia Jumatano alfajiri, hadi jirani anayeitwa Kasyoka akaacha kuni zake na kuvuka shamba kuja kumsema mama Nthambi kwa nini hakamui. Akamkuta. Alikuwa hai, macho wazi, upande mmoja wa mwili hausogei, mdomo umepinda, hawezi kusema.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja mara tatu: alianguka lini? Kasyoka alisema hajui. Kiema alisema hajui. Daktari akaeleza kwamba kiharusi kina saa zake, na saa hizo zikipita kinachobaki ni kumtunza. Akaandika kwenye karatasi yake, akaondoka.

Nilimkuta Kiema kwenye benchi la korido. Sikuwa nimealikwa. Nilikwenda kwa sababu spika ilikuwa bado kwenye rafu yangu, na sikuweza kuendelea kuitazama. Nilikaa kando yake. Hakuniuliza nimefuata nini.

"Fundi," akasema. "Mimi nilikwambia uiache."

"Nami niliiacha."

"Nilimaanisha usiiguse."

Angeweza kunikasirikia na ningekubali. Lakini alikuwa anatazama sakafu, na kisha akaniuliza kwa sauti ile ya mtu anayeuliza njia, "Au nilimaanisha nini? Wewe ulinisikia. Ilikuwa sauti gani?"

Nilikumbuka ile sauti. Ilikuwa sauti ya kazi. Nikamwambia sikumbuki.

Walimpeleka mama Syokimau. Ndinda alimpa chumba cha watoto, karibu na korido, na nitasema haki yake: alimwosha na kumlisha kama mama yake mzazi, na siku moja nilimsikia akimwambia, "Hapa pia ni nyumbani, mwaitu," na hakukuwa na ubishi wowote ndani ya maneno hayo. Kiema aliomba likizo, halafu akaiongeza. Mimi nilirudisha spika, na nikamwambia Kiema kila neno ambalo mama yake aliniambia dukani. Safari hii nambari sita zilifika kwa sekunde chache kwa sababu Kiema alikuwa amesimama mbele yangu ameshika simu kwa mikono miwili. Tukabadilisha majina. Moja ikaitwa Sebuleni. Nyingine ikaitwa Mwaitu. Tukaiweka juu ya meza ndogo upande wa kushoto wa kitanda, pale mkono wake mzima unapofika.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi, Kiema akanipigia simu.

"Fundi, njoo uangalie. Kuna shida."

"Muziki unaruka?"

"Hapana," akasema. "Hauruki."

Nilifika saa nane mchana. Hali ya hewa ilikuwa kama ile ya mara ya kwanza, na jikoni kulikuwa na kuku. Kiema alikuwa amekonda. Alisema kila siku anawasha muziki sebuleni saa moja na nusu asubuhi, na Jumamosi mchana, na Jumapili wakati wa misa. Anaweka ile ya magitaa. Anakaa anasubiri. Wimbo unacheza hadi mwisho, unaanza mwingine.

"Labda kitufe kimekufa," akasema. "Labda ni waifai ya huko chumbani. Angalia tu."

Daktari alishamweleza kwamba ule upande wa ubongo uliokufa ndio ulioelewa kitufe ni cha nini. Nilijua alieleweshwa, na yeye alijua kwamba najua. Nikachukua mkoba wangu nikaingia chumbani.

Mama Nthambi alikuwa ameegemezwa mito miwili, amevaa ile sweta, vifungo sita. Alikuwa anatazama pazia. "Wakya mwaitu," nikasema. Hakuitikia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya blanketi, shubiri moja kutoka kwenye kitufe. Niliikagua spika. Taa inawaka. Waifai imejaa. Hakuna kitu kilichoharibika. Kutoka sebuleni nilisikia rumba ikiendelea, gitaa la kwanza, gitaa la pili. Nikafanya kile ambacho fundi yeyote hufanya mwishoni ili kuhakikisha. Nikafinya kitufe.

Sebuleni kukawa kimya. Wimbo ukaingia chumbani, pale pale ulipofika.

Nikasikia kistuli kikianguka. Nikasikia miguu ya Kiema kwenye korido, anakimbia, mtu mzima wa miaka arobaini na minne anakimbia ndani ya nyumba yake. Akafika mlangoni akiwa anacheka, simu mkononi, kidole tayari kuuvuta. "Mwaitu," akasema.

Kisha akaona kidole changu juu ya kitufe.

Tulisimama hivyo. Nilitaka kusema pole. Nilichosema ni, "Inafanya kazi."

"Sawa, fundi," Kiema akasema. Akaweka simu mfukoni. Akaja akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono wa kushoto. Muziki uliendelea kucheza na hakuna aliyeuvuta. Niliondoka na mkoba wangu, Ndinda akanifungulia geti, na hakuna aliyeniuliza tatizo lilikuwa nini.

FUNZO

Nimeambiwa hadithi ya namna hii lazima iwe na funzo, na mimi ninalo moja tu. Kitu kikikusumbua ndani ya nyumba yako, kabla hujamwita fundi akizime, uliza ni nani anayekusumbua na anataka nini. Inawezekana kitu hicho si hitilafu. Inawezekana ni mtu wako anakuita kwa kitufe pekee ulichomwachia.

Mzazi hahitaji spika. Spika tunaipeleka ili tusiende wenyewe, tukijidanganya kwamba tumeacha kitu pale. Mama Nthambi alikipokea kile kitu akakigeuza kuwa mtoto wake, na sisi tukakitoa kwenye orodha kwa sababu kilikuwa kinakata wimbo. Kama una mtu Masii, au Ndithini, au popote unapopaita nyumbani bila kwenda, usimwambie utampigia. Mpigie, na sauti ya kazi uiache kazini.

Na ninyi mafundi wenzangu, siku hizi mteja akiniambia niache kitu, huwa namuuliza: niiache ikae, au niiache iende? Wengi hunicheka. Nawaacha wacheke, na ninasubiri wanijibu.